Ripoti ya Shule Imekuja Vibaya: Maswali ya Wazazi na Majibu Yetu

Kila shule zinapofunga mwezi wa Juni, sanduku letu la barua hujaa swali moja lililovaa nguo tofauti: mtoto ameanguka, nifanye nini? Safari hii tumechagua barua sita.

Alikuwa wa 12, sasa ni wa 88

*Habari za kazi. Mwanangu wa kiume yuko darasa la sita, shule ya serikali. Novemba alikuwa wa 12 kati ya wanafunzi 130. Juni hii ameleta nafasi ya 88. Baba yake ameshakata fimbo, anasema mtoto kapata marafiki wabaya. Nimemzuia kwa sasa. Alama zake nimeziandika nyuma ya barua. – Mama, Buza, Dar es Salaam*

Mama, umefanya vyema kumzuia, na tunaomba baba naye asome jibu hili hadi mwisho.

Tuanze na hizo alama, maana nafasi peke yake haisemi kitu. Darasani wakiwa 130, alama kumi tu zinaweza kumshusha mtoto watu thelathini. Novemba alipata Kiswahili 38, Hisabati 34, Sayansi na Teknolojia 33, Maarifa ya Jamii 31, Uraia na Maadili 35, Kiingereza 29. Jumla 200 kati ya 300. Juni amepata 35, 13, 29, 30, 34 na 12. Jumla 153. Amepoteza alama 47, na kati ya hizo 38 zimepotea kwenye Hisabati na Kiingereza peke yake. Masomo mengine manne yamepungua alama 9 kwa pamoja, na hizo hazina uzito. Kwa madaraja ya mtihani wa darasa la saba, ametoka B (181 hadi 240) ameingia C (121 hadi 180).

Mtoto aliyeacha kusoma kwa sababu ya marafiki kwa kawaida hushuka masomo yote. Masomo mawili yakiporomoka na mengine yakatulia, kwanza ulizeni kuhusu vipindi vya masomo hayo: mwalimu alihama katikati ya muhula? Vipindi vilihamishiwa mchana, darasa likiwa limechoka na wengine wana njaa? Mtoto alikosa wiki mbili kwa malaria wakati mada mpya inafundishwa?

Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani, siku mtakapokuwa mmetulia. Msimwulize "kwa nini umefeli?" Hana jibu. Angelijua, asingefeli. Mwambieni alete daftari za Hisabati na Kiingereza pamoja na karatasi ya mtihani kama ilirudishwa, kisha mwulizeni: swali gani lilikuwa jepesi? Lipi ulilianza ukakwama? Lipi hukuligusa kabisa? Makosa yagaweni mafungu matatu. Kuna maswali aliyojibu kwa njia isiyo sahihi, hayo hakuelewa mada. Kuna aliyoyajua ila akakosea kunakili au hakusoma swali lote. Na kuna aliyoacha wazi, ambayo huonyesha muda ulimwishia au aliogopa. Kila fungu lina dawa yake.

Fungu la kwanza ndilo la kukaa nalo. Mpeni hesabu hii: 402 kutoa 178. Watoto wengi wa madarasa ya juu huandika 376, na mzazi huona uzembe. Angalieni alichofanya: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Kila safu amechukua tarakimu kubwa akatoa ndogo, bila kujali ipi iko juu. Kutoa anakujua. Asichokijua ni kukopa, hasa penye sifuri katikati. Jibu ni 224. Akiandika 376, mfungieni vijiti vya kiberiti kumi kumi kwa uzi, muanze na 42 kutoa 18: afungue fungu moja kwa mkono wake ndipo atoe nane. Akishazoea, mwende kwenye mamia. Siku nne au tano zinatosha.

Kosa lingine la kawaida darasa la sita ni nusu kujumlisha theluthi akapata mbili ya tano: amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mwulizeni tu, ukiwa na nusu chapati nikakuongezea kipande, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Mbili ya tano ni pungufu ya nusu. Akiliona hilo mwenyewe, hatakariri kanuni tu, ataelewa kwa nini asili za sehemu (namba za chini) lazima zilinganishwe kwanza.

Shule zikifunguliwa, nendeni kwa mwalimu wa somo. Wazazi wengi huishia kwa mwalimu wa darasa, ambaye hawezi kukwambia mtoto alikwama mada gani ya Hisabati. Pigeni simu kabla, ombeni dakika kumi baada ya vipindi, ulizeni mambo matatu: mada zipi zimempita, kazi anazopewa anakusanya au hakusanyi, na mahudhurio yake kwenye rejista yakoje.

Nyumbani pangeni dakika 40 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kumi za mwanzo arudie makosa ya jana, ishirini afanye mada moja tu, kumi za mwisho akueleze mama alichofanya kwa mdomo. Fanyeni hivyo wiki sita, na kwenye jaribio linalofuata mlinganishe alama za Hisabati na alama za Hisabati. Nafasi iacheni.

Kuhusu fimbo, baba: mtoto aliyechapwa kwa sababu ya ripoti hujifunza kuficha ripoti. Ataanza kunakili kazi za wenzake ili alama za vema ziwepo, na wewe utapoteza dalili pekee inayokuonyesha alipokwama. Hata shuleni, Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Viboko hivyo vimewekwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kushindwa hesabu hakumo.

Darasa la nne, hajui kusoma

*Wahariri, nawasalimu. Binti yangu yuko darasa la nne na upimaji wa kitaifa unakaribia. Kitabu cha shule anakisoma vizuri, lakini nikimpa gazeti anakwama kila neno. Nyumbani tunaongea Kisukuma. Mwalimu ana watoto zaidi ya mia. – Baba, Sengerema*

Ndugu yetu, hicho kitabu anachokisoma vizuri, yawezekana amekikariri. Jaribu hivi: funika picha kwa mkono, kisha weka kidole kwenye neno lililo katikati ya mstari na umwambie asome hilo tu. Akirudi mwanzo wa mstari kulitafuta kwa kichwa, umepata jibu.

Sasa tafuta alipokwama. Chukua karatasi nne. Ya kwanza andika silabi kumi: ba, ke, mo, shi, tu, nda, mbe, ngo, nya, kwa. Ya pili maneno kumi ya kawaida: maji, kuku, shule, ndizi, mbuzi, ng'ombe, nyumba, chakula, mwalimu, nywele. Ya tatu aya fupi: "Asha ana mbuzi. Mbuzi wake ni mweupe. Anapenda kula majani. Jioni hulala bandani." Ya nne hadithi ya mistari kumi hivi ambayo hajawahi kuiona, na ukimaliza umwulize maswali mawili: nani alifanya nini, na kwa nini. Anza na silabi. Pale anapokosea zaidi ya tatu kati ya kumi, au anaposoma aya kwa kusitasita neno moja moja, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni kazi ya darasa la kwanza. Usione aibu kumrudisha huko.

Wengi wanaofika darasa la nne wakiwa hivi wanazijua ba, be, bi, bo, bu. Kinachowaangusha ni sauti mwambatano: mb, nd, ng', nyw, mbw, kw. "Nywele" anaisoma "ni-u-we-le", anapoteza neno, akipoteza neno amepoteza sentensi. Kata boksi la sabuni upate kadi ndogo, andika mwambatano mmoja kwa irabu zote: mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Asome, achanganye, asome tena, kisha aunde maneno: mbili, mboga, simba, sambusa. Mwambatano mmoja kwa siku mbili, sio zaidi. Nyw na mbw ziache za mwisho.

Kila siku dakika 20, ukiwa umekaa pembeni yake: tano za kadi, kumi za kusoma kwa sauti, tano za imla ya maneno matano. Akikwama kwenye neno mpe sekunde chache, kisha mtamkie silabi ya kwanza tu. Ukimtamkia neno zima kila mara, atasubiri.

Kisukuma si kosa na msikiache. Lakini mtoto anaweza kutamka "upepo wavuma" sawasawa asijue kilichosemwa. Baada ya kila aya mwambie akusimulie kwa Kisukuma alichosoma, halafu ajaribu kwa Kiswahili. Hapo utajua kama tatizo ni herufi au ni lugha, na hayo ni matatizo mawili tofauti.

Mkifanya hivi miezi mitatu bila kuruka siku na binti bado anachanganya b na d, anasahau leo alichojua jana, lakini kwa mdomo ni mwerevu na anasimulia vizuri, nenda halmashauri umwone afisa elimu maalumu. Kuna watoto ambao ubongo wao hushika maandishi kwa shida ingawa akili zao ni nzima. Huwa wanaambiwa wavivu mpaka wanaacha shule, na hilo ndilo linalotuuma zaidi katika barua tunazopokea.

Upimaji wenyewe usikutishe. Asipofaulu atakariri darasa, na mwaka mmoja wa kujua kusoma kweli una faida kuliko kusukumwa hadi la saba hajui.

Tuisheni ya asubuhi na ya jioni

*Mwanangu ana miaka kumi. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kwa ajili ya tuisheni, baada ya shule anaenda nyingine, analala saa nne usiku. Ada ninalipa, alama zinashuka. – Mama, Tabata*

Mama, hesabu usingizi kwanza: saa nne usiku hadi saa kumi na nusu ni saa sita na nusu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Kinachofundishwa mchana hukaa kichwani usiku akiwa amelala, kwa hiyo unalipa ada ya kitu ambacho hakipati nafasi ya kutulia. Futa moja leo, na tungeanza na ya alfajiri.

Inayobaki ikague. Wako watoto wangapi? Wakizidi kumi na tano, hiyo ni darasa lingine tu. Mwalimu anajua mtoto wako amekwama mada gani, au anarudia mada ya shule kwa wote? Fungua daftari la tuisheni: ukikuta maswali na majibu yamenakiliwa ubaoni, bila kosa hata moja na bila alama ya kalamu nyekundu, mtoto hafanyi hesabu, anaandika tu.

Darasa la saba A, kidato cha kwanza F

*Binti yangu alifaulu darasa la saba kwa A. Sasa yuko kidato cha kwanza shule ya kata, amepata F kwenye Biology na History, na D nne. Analia, anasema hana akili. – Baba, Kilosa, Morogoro*

Akili aliyopata A nayo hajaipoteza kwa miezi sita. Alisoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. F ya sekondari ni chini ya alama 30, D ni 30 hadi 44, C huanzia 45. Maana yake zile D nne ziko karibu na C kuliko anavyodhani.

Mwonyeshe kwamba mengi anayajua. Usanisinuru alisoma shule ya msingi, leo unaitwa "photosynthesis". Mmeng'enyo wa chakula ni "digestion", msuguano ni "friction". Awe na daftari dogo la safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja aliyoitunga mwenyewe. Maneno saba kwa siku kutoka kwenye daftari zake za shule, yasizidi. Jumamosi umtajie Kiswahili yeye aandike Kiingereza, maana kwenye mtihani ataandika, hatasoma tu.

Halafu kuna maneno ya kuulizia, na hapa ndipo alama nyingi zinapokwenda bila mtoto kujua. "Mention" na "list" anataja tu. "Explain" lazima aseme jambo na sababu yake. "Differentiate" au "distinguish" alinganishe vitu viwili hoja kwa hoja. Mwanafunzi akiulizwa "explain three causes" akaandika orodha ya maneno matatu, anapata alama chache ingawa majibu anayajua. Chukua karatasi yake ya History, mtazame hilo kwanza.

Njia ya kusoma pia ibadilike. Kukariri aya nzima ya Kiingereza asiyoielewa huanguka neno moja likisahaulika. Akusimulie mada kwa Kiswahili, ukiielewa wewe baba, basi ameielewa. Kisha aandike sentensi fupi tano za Kiingereza chake, zenye makosa hivyo hivyo, ampelekee mwalimu amsahihishe. Mwisho wa kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa ambao asiyefaulu hurudia darasa, kwa hiyo anao muda wa kutosha akianza sasa.

Jambo moja zaidi: mwombe mama au shangazi amwulize kama kuna siku tatu au nne kila mwezi haendi shule. Ikiwa ni kwa kukosa taulo za kike au kwa maumivu ya tumbo, hilo linatatuliwa kwa bei ndogo kuliko tuisheni.

Ananakili vibaya ubaoni

*Mtoto wa darasa la tatu anaandika 3 badala ya 8, anaruka mistari. Mwalimu anasema hayuko makini. – Mama, Babati*

Mpime macho kabla ya kumpima umakini. Tundika kalenda ukutani, mchana, asimame hatua sita za mtu mzima. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome tarehe unazoonyesha, kisha jicho la pili. Watoto wengi hujaribiwa macho yote kwa pamoja, jicho zima likalificha bovu. Akikunja uso, akiinamisha kichwa au kusogea mbele, mpeleke hospitali ya wilaya kwenye kliniki ya macho. Huku ukisubiri, mwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele.

Masikio pia: mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake. Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili halisubiri, na usimwagie mafuta. Na kama huwa anaganda macho wazi kwa sekunde chache, mara kadhaa kwa siku, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, mweleze daktari hivyo hivyo, kwa maana ipo aina ya kifafa inayokuja kwa kuzubaa tu na ina dawa.

Mimi sikusoma

*Hii barua ameniandikia jirani. Nalea wajukuu wawili, darasa la pili na la tano. Wanaleta alama mbaya. Nitawasaidiaje na mimi sijui kusoma? – Bibi, Lushoto*

Shikamoo bibi. Unaweza, na mambo mengi hayahitaji herufi.

Kila jioni waambie walete daftari. Angalia kama kuna ukurasa mpya kuliko jana. Hesabu alama za vema na za mkasi. Mikasi ikiwa mingi somo moja, ndilo hilo. Kama kurasa hazina wino mwekundu kwa wiki nzima, ama hakusanyi kazi au hazisahihishwi, na yote mawili ni ya kuulizia shuleni.

Wa darasa la pili akusomee kwa sauti ukiwa jikoni, dakika kumi. Sikio lako linatosha: kama Kiswahili unachosikia hakina maana, mwambie arudie. Umpe na hesabu za mdomo za sokoni: nina elfu mbili, nimenunua mafungu matatu ya nyanya, kila fungu mia tano, nirudishiwe ngapi? Wa darasa la tano akueleze alichofundishwa leo mpaka uelewe, na ukiona hujaelewa mwulize tena bila kumwonea huruma. Kumweleza mtu mwingine ndiko kusoma kwenyewe.

Pale penye maandishi hasa, mwombe huyo jirani aliyekuandikia akae nao mara mbili kwa wiki. Na kikao cha wazazi usikikose. Mwalimu akitaja nafasi, mwombe akutajie alama za kila somo, za muhula huu na za muhula uliopita, na mjukuu awe amesimama pembeni yako akizisikia.